Nikeli ya Ngara: Udongo na maji vipimwe kabla lori la kwanza halijapakiwa

MFANYABIASHARA wa maharage anayevuka kituo cha Kabanga kuingia Kobero hapakii mzigo ambao hajaupima. Gunia hupandishwa kwenye mizani mbele ya muuzaji, kilo zinaandikwa kwenye daftari, na punje mbili tatu zinatafunwa kujua kama mzigo umekauka. Ukitokea upungufu upande wa pili wa mpaka, daftari ndilo linaloamua nani alipe. Asiye na daftari hubaki kubishana hadi jua linazama, na mara nyingi hasara huwa yake.

Kusini mwa kituo hicho, kwenye vilima vya kata ya Bugarama wilayani Ngara, unasubiriwa mgodi wa nikeli ambao utahitaji daftari la namna hiyo. Tofauti ni kwamba kinachopaswa kupimwa na kuandikwa huko ni udongo, maji na hali ya ardhi kama vilivyo leo, kabla mgodi haujaanza kutoa mwamba. Wataalamu wanaiita hali ya awali. Kwa watu wa nchi nne wanaotumia maji yanayoshuka kutoka vilima hivyo, na kwa wanaonunua chakula kinacholimwa hapo, ndiyo sehemu ya mradi inayowagusa moja kwa moja, ingawa ndiyo inayozungumzwa kidogo kuliko zote.

Jina la mradi huwachanganya wasafiri. Unaitwa Kabanga Nickel, lakini haupo Kabanga ya forodhani. Upo kusini zaidi, kilomita chache kutoka mpaka wa Burundi, katika eneo la wakulima Wahangaza ambao lugha yao inasikilizana na Kirundi kiasi kwamba muuza ndizi wa Bugarama na mteja wake wa ng'ambo hawahitaji mkalimani. Akiba hiyo ilianza kutafutwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, ikapita mikononi mwa kampuni kadhaa, kila moja ikitoboa ardhi, ikihesabu na kuondoka. Januari 2021 serikali ya Tanzania ilisaini makubaliano mapya, na Oktoba mwaka huo ikatoa leseni maalumu ya uchimbaji kwa kampuni ya Tembo Nickel, ambayo serikali ina hisa asilimia 16. Nyingine ziko chini ya Lifezone Metals. Julai 2025 ulitangazwa upembuzi yakinifu unaoonyesha mgodi wa chini ya ardhi utakaotoa zaidi ya tani milioni 3 za mwamba kwa mwaka, kwa miaka 18.

Namba hiyo ya tani ndiyo ya kuanzia. Mwamba wa Kabanga una nikeli ya wastani wa asilimia 2 hivi, pamoja na shaba na kobalti kwa viwango vidogo zaidi. Maana yake katika kila tani 100 zinazopandishwa juu, nikeli ni kama tani mbili. Kinachosafirishwa kutoka mgodini ni makinikia, yaani mchanga uliokolezwa madini, ambao una vitu vingine pia ndani yake. Hata hivyo sehemu kubwa mno ya mwamba uliosagwa haiendi popote. Katika migodi ya chini ya ardhi kiasi fulani hurudishwa kujaza mashimo yaliyochimbwa, na kinachobaki huhifadhiwa juu kwenye bwawa la topesumu. Nikeli itapanda lori na kwenda zake. Bwawa litabaki Ngara na kuwa jirani wa mashamba kwa miaka mingi baada ya mchimbaji wa mwisho kufunga mizigo.

Mwamba unaochacha

Aina ya mwamba ina uzito mkubwa kuliko wingi wake. Nikeli ya Kabanga imekaa ndani ya salfaidi, yaani madini yaliyoungana na salfa, na sehemu kubwa ya salfaidi hiyo ni ya chuma. Ikiwa chini ya ardhi, mbali na hewa, haimdhuru mtu. Ikipandishwa, ikasagwa na kuachwa mahali inapopata hewa na mvua, salfa yake huanza kugeuka tindikali. Tindikali hiyo nayo huyeyusha metali zilizomo mwambani na kuzitia majini. Kazi hiyo ikishaanza ni vigumu kuizima, kwa sababu hewa na mvua havina gharama wala havipumziki.

Afrika Mashariki haihitaji kwenda mbali kuona inavyokuwa. Mgodi wa shaba wa Kilembe, magharibi mwa Uganda, ulianza uzalishaji mwaka 1956 na kusimama mwaka 1982. Mabaki yenye salfaidi yaliachwa kwenye malundo karibu na Kasese. Mvua ikayasafirisha taratibu kuelekea Hifadhi ya Queen Elizabeth na Ziwa George, na ikaacha njiani ukanda ambao majani yaligoma kuota. Baadaye, tangu 1999, malundo hayo yalichakatwa upya ili kupata kobalti iliyokuwa imesahaulika ndani yake. Kwa hiyo takataka ya kizazi kimoja iligeuka mali ya kizazi kilichofuata, jambo ambalo wafanyabiashara watalielewa haraka. Lakini vipimo vya udongo wa mabonde yale kabla ya 1956 haviwezi kupatikana tena, na anayedai leo kwamba shamba la babu yake lilikuwa zuri hana karatasi ya kuonyesha.

Mfano wa karibuni zaidi uko Zambia. Februari 2025 kingo za bwawa la topesumu la mgodi wa shaba katika eneo la Kitwe zilivunjika, na maji yenye tindikali yakaingia kwenye kijito kinachomwaga Mto Kafue. Samaki walikufa, mazao ya kando ya mto yakaungua na huduma ya maji mjini Kitwe ikasitishwa. Tanzania yenyewe ilionja Novemba 2022, bwawa la mgodi wa almasi wa Mwadui lilipopasuka na tope likafunika mashamba na makazi wilayani Kishapu. Tope la almasi halina ukali wa salfaidi. La nikeli ya Kabanga linaweza kuwa nao, na ndiyo maana kipimo cha kwanza kinachotakiwa ni cha mwamba wenyewe: unazalisha tindikali kiasi gani, na una chokaa ya asili kiasi gani ya kuizimua. Kipimo hicho hufanywa maabara, na majibu yake ndiyo yanayoamua bwawa litandikwe nini chini na lifunikwe nini juu.

Udongo mwekundu, rutuba ya juu

Anayepita Ngara kwa lori huona vilima vya kijani, migomba imebanana kuzunguka nyumba, na kudhani ardhi yote ina rutuba. Mkulima wa huko anajua vinginevyo. Udongo wa vilimani ni mwekundu, mkongwe, umesafishwa na mvua kwa muda mrefu sana hata virutubisho vingi vimekwenda na maji. Kwa asili una uchachu. Rutuba inayoonekana imetengenezwa na watu: samadi, majani makavu yanayotandazwa chini ya migomba, maganda, majivu, mwaka baada ya mwaka. Kitovu cha shamba ni kile kina kifupi cha udongo mweusi wa juu, na ukienda hatua chache nje ya migomba unakanyaga ardhi ngumu yenye majani ya malisho tu.

Hilo lina maana kubwa katika hesabu za fidia na za ukarabati. Mgodi unaposafisha eneo, udongo wa juu hukwanguliwa na kurundikwa pembeni ili urudishwe baadaye. Katika makaratasi hilo huonekana kama kuhamisha mzigo ghalani. Lakini udongo ni kitu hai. Ukirundikwa juu sana na kukaa miaka, wadudu na vimelea vyake hufa, na kinachorudishwa hakifanani na kilichokwanguliwa. Maelezo mazuri ya hali ya awali yanapaswa kusema kina cha udongo huo ni sentimita ngapi katika kila sehemu, una uchachu kiasi gani, unashika maji kiasi gani na ulikuwa unatoa mazao gani. Kuandika tu kwamba eneo lina “udongo mwekundu wa kilimo” ni sawa na kuandika “magunia” bila kusema mangapi.

Kuna jambo lingine ambalo hata wenye nia njema hulisahau. Udongo ulio jirani na akiba ya madini unaweza kuwa na nikeli nyingi kuliko kawaida kabla ya mtu yeyote kuchimba. Watafutaji wa madini hutumia dalili hiyo hiyo: hukusanya udongo na mchanga wa vijito, huupima, na kufuata palipo na alama. Sasa ikitokea miaka kumi baadaye maharage ya kijiji fulani yakakutwa na metali, kampuni itasema ni asili ya ardhi, mkulima atasema ni mgodi, na wote wawili wanaweza kuwa wanaamini wanachosema. Anayeweza kuwaamua ni kipimo kilichochukuliwa shamba hilo hilo kabla ya kazi kuanza, basi.

Ardhi ya Ngara pia haikuanza safari hii ikiwa mpya. Mwaka 1994 wilaya hii ilipokea mamia ya maelfu ya wakimbizi waliovuka daraja la Rusumo kwa siku chache, na kambi ya Benaco ikawa mji mkubwa kwa usiku mmoja. Wakimbizi wa Burundi nao waliishi Lukole kwa miaka mingi. Watu walihitaji kuni na miti ya kujengea, na vilima vilivyozunguka kambi vikavuliwa. Sehemu kubwa imeota tena, lakini kilima kilichowahi kubaki uchi hupoteza udongo wa juu, na mvua za masika hazisubiri miti ikue. Kambi hizo hazikuwa mahali pa mgodi. Zinakumbusha tu kwamba wilaya hii imewahi kulipa gharama ya ardhi kwa jambo lililotokea upande wa pili wa mpaka.

Maji hayaulizi pasipoti

Mvua ya Ngara huja kwa misimu miwili, vuli na masika, na katikati kuna kiangazi cha Juni hadi Agosti. Mvua ikinyesha, maji hupenya vilimani na kutokea chini kama chemchemi. Hapo ndipo familia nyingi hupata maji ya kunywa. Chini zaidi kuna mabonde ya mafunjo, ambayo watu hulima pembezoni mwake maharage na mboga wakati wa kiangazi, bei inapokuwa nzuri sokoni. Mafunjo hayo hufanya kazi ya chujio: hupunguza kasi ya maji na kushika tope.

Mgodi wa chini ya ardhi hauwezi kufanya kazi ndani ya maji. Pampu huyavuta usiku na mchana, na maji ya chini yakishuka, chemchemi ya jirani inaweza kupungua au kukauka. Kwa hiyo kipimo cha maji si usafi peke yake. Ni pia lita ngapi zinatoka kwenye chemchemi ipi, mwezi gani. Na hapa ndipo tathmini nyingi za migodi huchechemea: mtaalamu huja mara moja, tena kiangazi kwa sababu barabara inapitika, huchukua chupa zake na kuondoka. Mto uliopimwa Agosti si mto wa Aprili. Mwaka mmoja wenye misimu yote ni kiwango cha chini, na miaka miwili au mitatu ni bora zaidi, maana mvua ya mwaka mmoja inaweza kukosea.

Kutoka vilima vya Bugarama maji hushuka kuelekea Mto Ruvubu. Huu ni mto wa Burundi kwa asili. Moja ya vijito vyake vinavyoanzia kusini mwa nchi hiyo huhesabiwa kuwa chanzo cha mbali kabisa cha Nile. Ruvubu hupita hifadhi yenye jina lake, hutumika kwa kipande kama mpaka, huingia Tanzania, kisha hukutana na maji ya Rwanda karibu na maporomoko ya Rusumo. Hapo ndipo ulipojengwa mtambo wa umeme wa megawati 80 ambao Tanzania, Rwanda na Burundi wanagawana sawa. Baada ya Rusumo mto unaitwa Kagera. Unatenganisha Rwanda na Tanzania, unapinda mashariki, na unaingia Ziwa Victoria upande wa Uganda.

Wavuvi na wachuuzi wa samaki wana kumbukumbu ya mto huu ambayo hawaihitaji kuambiwa na mtaalamu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 magugumaji yaliingia Ziwa Victoria yakibebwa na Kagera kutoka nchi za juu. Katika miaka ya 1990 yalifunga ghuba, yakazuia mitumbwi na kusumbua bandari ya Kisumu, mamia ya kilomita kutoka mahali yalipoanzia. Magugumaji angalau yanaonekana kwa macho. Nikeli iliyoyeyuka majini haina rangi ya kumshtua mtu kwa kiwango kidogo, na mtu wa Kyaka au wa Kirehe anayeteka ndoo asubuhi hawezi kujua bila kipimo.

Mahindi ya 2021

Mfanyabiashara anaweza kusema hayo ni mambo ya wanakijiji na wanamazingira, yeye anatafuta riziki. Machi 2021 ilionyesha si hivyo. Mamlaka ya chakula na kilimo ya Kenya ilizuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa hoja ya sumukuvu. Malori yalisimama Namanga na kwingineko yakiwa yamesheheni, wenye mali wakihesabu siku. Katazo lililegezwa baada ya siku chache kwa masharti ya vyeti, lakini kwa mwenye mzigo mmoja na mkopo mmoja siku hizo zilitosha. Mahindi safi yalizuiwa pamoja na mabaya kwa sababu hakukuwa na namna ya haraka ya kuyatofautisha pale mpakani.

Fikiria neno kama hilo likiwa juu ya maharage au ndizi za Ngara. Halihitaji kuwa kweli ili lishushe bei. Linahitaji tu kusemwa kwa sauti Kobero au Rusumo. Mama anayevuka na mzigo wa chini ya dola 2,000 chini ya utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya hana maabara wala wakili. Kinga yake pekee ni vipimo vya wazi, vya kila msimu, vinavyoonyesha mashamba gani yako salama na yako umbali gani na mgodi. Kampuni nayo inavihitaji vipimo hivyo, kwa kuwa bila hivyo kila mgomba utakaonyauka kwa ugonjwa utaandikwa jina la mgodi.

Sheria za kudai hayo zipo. Sheria ya Mazingira ya Tanzania ya 2004 inataka tathmini kabla ya mradi, chini ya usimamizi wa NEMC, na kanuni zake zinataka muhtasari wa lugha nyepesi kwa Kiswahili na Kiingereza. Itifaki ya Bonde la Ziwa Victoria, iliyosainiwa Novemba 2003, inazitaka nchi za Jumuiya kutathmini na kuarifiana kuhusu miradi inayoweza kugusa majirani, na kamisheni yake ina makao Kisumu. Mkataba wa ushirikiano wa bonde la Nile nao ulianza kutumika Oktoba 13, 2024, ukiwa umeridhiwa na Tanzania, Burundi, Rwanda na Uganda, yaani nchi zote nne za Kagera. Kwenye karatasi, hakuna nchi ya mto huu inayoweza kusema haihusiki.

Kinacholegalega ni njia kati ya karatasi hizo na mtu wa chini. Muhtasari wa Kiswahili unamfaa mkazi wa Bugarama. Mkulima wa Burundi upande wa pili wa Ruvubu anasoma Kirundi, na wa Kirehe anasoma Kinyarwanda. Vituo vya kupimia maji vinatakiwa viwe pande zote za mpaka, juu na chini ya mgodi, na majibu yabandikwe mahali watu wanapopita: ofisi za vijiji, masoko, vituo vya pamoja vya forodha. Kabanga, Kobero na Rusumo tayari vina mbao za matangazo zenye viwango vya ushuru. Karatasi moja zaidi inatosha hapo.

Na Ngara haitakuwa peke yake. Musongati, kusini mashariki mwa Burundi, kuna nikeli nyingine kubwa, na reli ya kisasa kutoka Uvinza inaelekezwa huko. Akiba ya Musongati ni ya aina tofauti: sehemu kubwa ya nikeli yake imo ndani ya udongo mwekundu wenyewe, karibu na uso wa ardhi. Huko hakutakuwa na swali la udongo kurundikwa pembeni ukisubiri kurudishwa, kwa kuwa udongo ndio utakaopakiwa kwenye mabehewa.